Uvimbe huu wa taya si kansa, ila mgonjwa naye aulizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi gazetini. Mdogo wangu ana ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao si kansa na hautokei kwa watu wengi, duniani hata mtu 1 kwa kila milioni kwa mwaka haufiki. Huku Mbagala ukivimba shavu kila mtu anakwambia ni jino hilo, zahanati wanang'oa, uvimbe upo palepale, wanang'oa na la pembeni, na kwa vile hauumi mtu anaendelea na mihangaiko mpaka uso umeenda upande.

Kufika hospitali ya rufaa (sitaji ipi, sijaja kusutana) akapigwa eksirei, akachukuliwa kinyama kidogo cha kwenda kupimwa, majibu yakaja si kansa, nyumbani vigelegele! Kumbe ni nusu ya habari. Huo uvimbe unakula mfupa taratibu, na ukikwanguliwa tu mara nyingi unarudi, hata baada ya miaka 10, ndo maana mabingwa wengi wanaona bora kukata kipande cha taya pamoja na sentimita 1 au 2 za mfupa usio na ugonjwa, kisha unawekwa mfupa wa mguuni au nyongani, ama chuma.

Haya yote nimeyajua kwa kuulizauliza korido. Dogo anauza chipsi, anachowaza yeye ni atatafunaje, wateja watamwelewa akiongea, mchumba atamwangaliaje, na hakuna aliyemuuliza hata kimoja, madokta wamezunguka kitanda wanaongea Kingereza, sisi tunaangalia midomo, mwisho anapewa karatasi asaini. Asaini nini sasa? Labda angechagua kukatwa, labda angeomba kukwanguliwa kwanza akijua kabisa unaweza kurudi, lakini taya si lake?

Halafu kila unakohamishiwa ni faili jipya, eksirei unalipia upya, majibu ya kinyama yamebaki kule ulikotoka. Kumpa mgonjwa nakala yake kuna ugumu gani jamani, si karatasi tu. Na akiruhusiwa zahanati ya mtaani iandikiwe barua, huyu katolewa nini, aangaliwe nini, picha ya taya arudie lini, maana kliniki ya huu uvimbe ni ya miaka mingi na sisi tuliambiwa tu "mkiona tatizo mrudi".

Dogo kanituma niongeze lake: kwenye raundi waongee Kiswahili.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam