Acheni gita limalize kulia

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu yale maoni mliyotoa kwenye ukurasa wa filamu, pale mwandishi wenu aliposema muziki wa gita kwenye dokumentari ya dubu hauna wimbo, ni mtu anagusagusa nyuzi tu kujaza muda. Mi ni mpiga gita, miaka mingi sasa, na ile sentensi imenikaa kooni tangu nilipoisoma.

Kuna kitu kimoja yuko sahihi, wimbo kweli hakuna. Hakuna kiitikio, hakuna sebene, hakuna kipande cha kuondoka nacho mdomoni. Ila ndo ulivyotungwa huo muziki. Chukua ile sehemu dubu jike anavuka mto alfajiri na watoto wake wawili, ukungu umelala juu ya maji, gita linatoa noti moja, inakaa, inafifia mpaka unaanza kusikia maji yenyewe, halafu yule mtoto wa nyuma akishafika ng'ambo na kujikung'uta ndo inakuja noti ya pili, imeshuka kidogo tu. Basi. Ungeweka pale violini arobaini zingeshakwambia sa hivi ogopa, sa hivi lia. Gita linakuacha wewe na dubu.

Na siyo kazi rahisi jamani. Uzi wa gita ukishaudonoa sauti inaanza kufa hapohapo, siyo kama violini ambayo upinde ukiendelea kusugua na sauti inaendelea, kwa hiyo anayepiga muziki wa aina hii kazi yake kubwa iko kwenye ule mkia wa noti, namna inavyoisha. Anafunga voliyumu ya gita la umeme kabisa, anadonoa uzi hakuna kinachosikika, halafu anaizungusha voliyumu polepole kwa kidole cha mwisho huku uzi bado unatetema, sauti inaingia bila ule mdonoo wa mwanzo na wewe unayesikiliza huwezi kujua kama ni gita au ni upepo unapita mahali. Ukichelewa nusu sekunde noti imeshakufa, ukiwahi mdonoo unasikika na dubu kageuka mapambo. Mi ilinichukua wiki kadhaa kuipata hiyo na mpaka leo kuna siku inanikataa. Wengine wanavaa kichupa kidoleni wanateleza nacho juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, ndo ule mlio unaopinda kama mtu anavuta pumzi.

Mwandishi wenu kama anadhani huu ni uvivu basi aangalie Grizzly Man, ya mwaka 2005, ya Mjerumani Werner Herzog. Ni habari ya Timothy Treadwell aliyeishi na dubu wa Alaska misimu 13 ya kiangazi mpaka dubu akamuua mwaka 2003, yeye na mwenzake Amie Huguenard. Gita kapiga Richard Thompson, Mwingereza, na muziki ule kwa sehemu kubwa ulibuniwa papohapo studio kwa siku mbili, yeye na wanamuziki wachache, Herzog mwenyewe akiwa nao mle ndani. Siku mbili! Lakini nyuma ya hizo siku mbili kuna mtu aliyeshika gita toka ujana wake, na ukisikiliza unaona alivyojua wapi aondoe mkono.

Sa nije kwenye kinachoniuma hasa, maana nadhani ndo kilichomponza mwandishi wenu. Hizi filamu zikitiwa sauti upya kwa lugha nyingine, msimulizi anaongea mwanzo mwisho. Anatuambia dubu anavuka mto wakati tunamuona anavuka mto. Uzi mnene kabisa wa gita ukiwa wazi unatetema kama mara 82 kwa sekunde, na sauti ya mwanaume akiongea kawaida inaanzia hapohapo karibu na 85 kupanda juu, yaani gita na msimulizi wanagombania chumba kimoja, na fundi wa sauti kila msimulizi akifungua mdomo anateremsha muziki. Kinachopotea kwanza ni ule mkia niliousema, ambao ndo muziki wenyewe. Ndege hawana shida hiyo, wengi wanaimba huko juu kwenye 2,000 na zaidi, ndo maana ndege na gita wanakaa pamoja vizuri na hakuna anayemfunika mwenzake. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwandishi wenu alichosikia ni midonoo tu, kila noti imekatwa shingo, na hapo hata mi ningesema ni mtu anagusagusa nyuzi.

Wanaofanya kazi ya kutia sauti kwa kawaida hupewa muziki na sauti za porini peke yake bila maneno, ili waweke lugha yao juu, kwa hiyo noti zote wanazo mkononi nzima. Ninachoomba ni wahesabu noti inaisha lini ndo msimulizi aendelee. Sekunde sita, saba. Na majina yanayopita mwishoni mwa filamu wasiyakate, maana pale ndo tunajua nani kapiga.

Wapo watakaosema watazamaji hawajali, kwamba ni kumpigia mbuzi gita. Siyo kweli Mhariri, niliwahi kuangalia sehemu ile ya mto na watu ambao hata gita hawajawahi kushika, msimulizi kwa bahati alikuwa kanyamaza, na mmoja aliyekuwa anaongea akaacha kuongea mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

Namuomba mwandishi wenu airudie filamu kwa lugha yake ya mwanzo, avae hedifoni, aanzie pale kwenye ukungu.

Msomaji wenu, mpiga gita