Usiisugue nishani ya babu

Binamu yangu mpendwa,

Nasikia unatafuta kitu cha kung'arishia nishani ya babu ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki). Tafadhali, acha kwanza. Weusi ule ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani. Ukisugua kwa majivu au dawa ya meno unaondoa fedha yenyewe, na ukingo nao unalika. Kwenye ukingo ndiko ilikochapwa namba yake, cheo, jina na kikosi. Ikishafutika jina, inabaki fedha tu, na inauma.

Ile ya duara yenye kichwa cha Mfalme George VI ni Military Medal. Haikugawiwa kwa kila aliyekwenda vitani. Alipewa askari asiye ofisa kwa ushujaa mapiganoni. Kuisoma, ishike kwa kitambaa cha pamba, zima taa ya juu, mulika tochi toka ubavuni ili kivuli kiingie ndani ya herufi. Piga picha, igeuze kidogo, piga tena, mpaka umemaliza mzunguko.

Usianze kumtafuta kwa jina. Makarani waliandika walivyosikia: Hamisi huyohuyo aweza kuwa Amisi au Khamis. Tumia namba. Gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, litakupa jina kwenye orodha, na wengi huishia hapo. Alichofanya hasa kimo kwenye fomu ya pendekezo, na fomu hizo ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza kule Kew, London, kwenye mfululizo wa majalada uitwao WO 373.

Zile nyota mbili zenye pembe sita, Africa Star na Burma Star, hazina jina popote. Zinaonyesha alitumikia vitani Afrika, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 hadi Kalewa, mto Chindwin. Kinachothibitisha ni zake ni kukaa pamoja na ile yenye jina. Kwa hiyo msigawane moja moja kwa wajukuu, hata wazee wakisema ndiyo haki.

Tepe za nishani usizifue, rangi zitachuja. Funga kila nishani peke yake kwa pamba nyeupe, zisigongane. Rababendi usitumie kabisa, ina salfa.

Ukishaisoma namba, nitumie pamoja na picha zote za ukingo, hata zenye ukungu, nianze kupekua Gazette.