Fedha za jenomu zisipotelee kwenye vipimo vya vipaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mipango ya kitaifa ya utafiti wa jenomu (jumla ya maelekezo ya urithi ya kiumbe, yaliyoandikwa kwa herufi za kikemikali na kugawanyika katika jeni), ambayo huweka kilimo, tiba na michezo katika fungu moja kana kwamba sayansi imefika hatua ileile katika nyanja zote tatu. Haijafika.

Kilimo kimekwisha kuvuna. Jeni ya Sub1A, iliyotambuliwa mwaka 2006 katika mpunga wa asili ya India, huufanya mche uliofunikwa na maji usitishe kukua, utunze akiba yake ya sukari, kisha uchipue upya maji yakipungua. Watafiti waliihamishia kwenye mbegu ambazo wakulima walikwisha kuzizoea, na mpunga huo sasa huvumilia takriban wiki mbili chini ya maji.

Katika tiba, selimundu hutokana na herufi moja tu iliyobadilika kati ya herufi bilioni 3 hivi za jenomu ya binadamu. Kwa kosa hilo dogo, chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ambayo mama yake hana namna ya kuyatuliza. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni dhidi ya ugonjwa huu, lakini nchini Marekani bei yake inazidi dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, ilhali wagonjwa walio wengi wako Afrika. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu nataka kila taifa liwe na maabara na wataalamu wake.

Michezo ni habari nyingine. Jeni ya ACTN3 husifiwa kuwa ya kasi, na wapo wanaowauzia wazazi vipimo vyake vinavyotumia mate ya mtoto, ingawa mwaka 2015 jopo la wataalamu wa kimataifa lilitamka kwamba vipimo vya aina hiyo havifai kutambulia vipaji vya watoto. Kuchunguza misuli na majeraha ya wanariadha ni utafiti halali. Kumwambia mtoto wa miaka minane aache mbio kwa sababu ya mate yake ni kumdhulumu.

Nawaomba wapangaji wa bajeti wahamishie fedha za vipimo hivyo kwenye upimaji wa selimundu kwa watoto wachanga, ili wale wenye ugonjwa huo waanze dawa za kuwakinga na bakteria kabla ya maambukizi ya kwanza.

Wako mwaminifu,
Msomaji