Shukrani kwa fundi aliyeziokoa kaseti zetu

Albamu ya mkusanyiko wa muziki wetu wa chini kwa chini imetoka, nami napenda kumshukuru hadharani fundi mmoja aliyeomba jina lake lisitajwe.

Nyimbo nyingi za bendi zilizomo hazikuwahi kutolewa na kampuni yoyote. Zilibaki kwenye kaseti zilizorekodiwa mazoezini, na tulipozikusanya, baadhi hazikuzunguka kabisa. Fundi huyu alizifungua moja moja kwa bisibisi ndogo, akahamishia utepe kwenye maganda mapya pale ambapo kile kitambaa kidogo kinachoukandamiza utepe kwenye hedi (kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti) kilikuwa kimebanduka, kisha akarekebisha pembe ya hedi kwa kila kaseti hadi mlio wa matoazi, uliokuwa umefifia, ukasikika tena. Kwa kuwa mashine nyingi za kurekodia zilikuwa zikikimbia au kusuasua, alirekebisha pia kasi ya kila wimbo. Mvumo wa kanda aliupunguza tu, wala hakuufuta wote, akihofia kupoteza pumzi za waimbaji; naamini aliamua vyema.

Alikataa malipo. Sharti lake lilikuwa kwamba kila mwanamuziki, hata aliyepiga besi katika wimbo mmoja tu, atajwe kwenye kijitabu na apate mgao wake.

Mwenye kaseti za namna hii nyumbani, tafadhali avunje vile vijino viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa kaseti ili kitu kingine kisirekodiwe juu yake, kisha awapelekee wahusika nakala.