Mafunzo ya wachungaji na wainjilisti wa vijijini

Bwana Yesu asifiwe, wachungaji na wainjilisti wapendwa. Kwa kuwa mvua za Dodoma huanza Desemba, nanyi wengi mtakuwa shambani mkipanda mtama na uwele, tumeona mafunzo yetu yafanyike Oktoba, wakati barabara za Mpwapwa, Bahi na Kondoa zinapitika. Tutasoma 2 Timotheo 2:2, kisha kila mmoja atahubiri kwa dakika 10 kwa Kigogo au Kirangi, maana mahubiri ya Kiswahili cha mjini mara nyingi hayamfikii bibi aliyeketi benchi la nyuma. Mwinjilisti mmoja alinionyesha daftari lake la mahubiri, kurasa zimelainika kwa jasho la safari za baiskeli. Tafadhali, kila mtu aje na la kwake. Wazee wa kanisa nao wanakaribishwa.