Barua ya wazi kwa Waziri wa Mafunzo ya Ufundi: mtihani wa fundi magari ufanyike kwenye gari bovu

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAFUNZO NA AJIRA ZA MAFUNDI MAGARI

Tunakuandikia kwa heshima zote, ingawa uvumilivu umetuishia. Vyuo vimetangaza tena udahili wa ufundi magari, na tangazo linarudia ahadi ya mwaka jana na ya mwaka juzi, kwamba mhitimu ataingia moja kwa moja kwenye ajira. Wakati tangazo linabandikwa, wahitimu wa udahili uliopita bado wanazunguka gereji wakiomba kuosha spea bila malipo. Sisi walimu wa karakana na mafundi wakuu wa gereji ndio tunaowapokea. Tunaona kinachotokea kijana mwenye cheti anapokabidhiwa ufunguo wa gari.

Chukua gari linalomisi huku taa ya injini imewaka. Kijana anachomeka skana, kifaa kinachosoma hitilafu kwenye kompyuta ya injini, inasoma P0171. Amefundishwa kwamba kodi, yaani namba hiyo ya hitilafu, ndiyo jibu, kwa hiyo anaagiza sensa ya oksijeni, anaifunga, anafuta kodi na kurudisha gari kwa mwenyewe. Baada ya siku chache taa imewaka tena. P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta ya injini imeongeza mafuta mpaka mwisho wa uwezo wake, na bado mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa.

Anayeijua kazi hafungui kitu kwanza. Anasoma kwenye skana kile kipimo cha nyongeza ya mafuta kinachoonyeshwa kwa asilimia, mara moja injini ikizunguka polepole, na mara ya pili ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Nyongeza ikiwa kubwa injini ikienda polepole, kisha ikashuka akikanyaga mafuta, kuna hewa inayoingia kwa njia ya pembeni: mpira umepasuka au gasketi ya manifoldi imelegea. Ikiwa nzuri mwanzoni na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, mashaka yanahamia kwenye pampu dhaifu, filta ya mafuta iliyoziba, au sensa ya hewa iliyoshika vumbi. Halafu kuna bomba la ekzosi linalovuja kabla ya sensa, ambalo huwadanganya hata wakongwe. Vipimo hivi havichukui hata nusu saa, na vinamwokoa mwenye gari na spea asiyoihitaji.

Kwenye umeme hali ni mbaya zaidi. Gari linagoma kuwaka, stata inagugumia, kijana anabadilisha stata. Mita ya umeme ingemwambia ukweli. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na ikishuka hadi 12.2 imebaki kama nusu. Betri ikiwa nzima, ncha moja ya mita inawekwa kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu anapiga stata. Mita ikionyesha zaidi ya takriban volti 0.3, waya wa ardhi, unaounganisha injini na upande hasi wa betri, una kutu au umelegea, na stata mpya itagugumia vilevile. Mtu akiuliza kuhusu waya za mawasiliano za kompyuta za gari ndipo kimya kinapotanda. Pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya skana, betri ikiwa imetolewa, zinatakiwa zisome ukinzani wa karibu omu 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120 vilivyofungwa sambamba. Zikisoma 120, upande mmoja umekatika. Mhitimu mwenye cheti cha miaka miwili hajawahi kukifanya kipimo hiki hata mara moja.

Mheshimiwa, hatuwalaumu vijana, na walimu wengi tunajua wanafundisha kwa walichonacho. Tukitafuta sababu, tunaamini kubwa kuliko zote ni mtihani. Mtahiniwa anaandika majibu, kisha anafungua na kufunga injini iliyosimamishwa kwenye stendi. Injini hiyo haina mafuta, haina waya, haijawahi kuwaka tangu ifike chuoni, na imefunguliwa na wanafunzi wengi mpaka nyuzi za bolti zimekwisha. Huwezi kupima mgandamizo wa silinda kwenye injini isiyozungushwa na stata. Huwezi kutafuta kosa mahali ambapo hakuna kosa. Pengine na bajeti inachangia, maana gari linalowaka hunywa mafuta na huharibika, na injini ya stendi haidai chochote. Pengine pia baadhi ya walimu waliondoka gereji kabla magari hayajajaa kompyuta. Lakini soketi ya skana ya OBD-II, mfumo wa gari kujikagua lenyewe, ni ya lazima kwenye magari madogo Marekani tangu 1996, na Ulaya magari mapya ya petroli yamefungwa mfumo wa aina hiyo tangu 2001. Hayo sasa ni magari makuukuu. Mtaala kuendelea kutumia wiki nzima kwa kabureta na distributa ya pointi, vifaa vya mafuta na cheche vya magari ya zamani, ni kumwandaa kijana kwa gari ambalo huenda asikutane nalo.

Upande wa pili wapo waliojifunzia gereji, na hawa ndio wanaotuumiza zaidi. Mwanagenzi anaanza kwa kutumwa spana na kushika tochi, bila mkataba, bila posho, bila daftari linaloonyesha amejifunza nini. Baada ya miaka anaweza kusikia bearingi iliyochoka kabla hujasimamisha gari. Lakini bolti za silinda hedi anazikaza kwa nguvu za mkono. Injini nyingi za kisasa zinataka bolti zikazwe kwa kipimo kwanza, kisha zizungushwe kwa digrii zilizotajwa na mtengenezaji, mara nyingi 90 na kisha 90 tena, na kwa sababu bolti hizo hurefuka zikikazwa, kwa kawaida hazitumiki tena. Akizitumia tena, gasketi inapitisha maji, naye analaumu gasketi. Hakuna aliyempa kitabu cha vipimo. Na kwa kuwa hana cheti, kampuni zenye magari mengi hazimwajiri, kampuni za bima hazimpi kazi ya kukagua magari ya ajali, na chuo hakimruhusu kufundisha. Wizara yako iliahidi kuwapima mafundi hawa na kuwapa vyeti. Tuliisikia ahadi, tukawaeleza vijana wetu wasubiri. Wanasubiri mpaka leo.

Njia zipo, na wengine wamezipita. Ujerumani mafunzo ya fundi magari huchukua miaka mitatu na nusu, chini ya mkataba na gereji, huku kijana akihudhuria shule. Mwaka 2003 waliunganisha fundi wa mitambo na fundi wa umeme wa magari kuwa kazi moja, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa limeshaunganisha. Marekani kuna vyeti vya ASE, taasisi inayowapima mafundi magari, vilivyoanza 1972. Kuufaulu mtihani peke yake hakutoshi, mtu lazima aonyeshe amefanya kazi, kwa kawaida miaka miwili, na kila miaka mitano anathibitisha upya.

Tunaulizwa na wazazi kama kazi hii ina kesho. Ina kesho kwa anayejua kupima. Kumwaga oili na kubadilisha plagi kutapungua kadiri magari ya umeme yanavyoongezeka. Breki, shoki, bushi, tairi, waya na mifumo ya kupoza vitabaki. Kuna uhaba wa watu wa giaboksi za otomatiki, wa pampu na nozeli za dizeli, wa viyoyozi, na wa kusawazisha upya kamera za magari baada ya kioo cha mbele kubadilishwa. Fundi wa umeme wa magari anayesoma mchoro wa waya hakosi kazi.

Lakini gari la umeme na la haibridi, linalotumia injini pamoja na mota ya umeme, lina jambo lisilosubiri mjadala. Mifumo mingi ina volti 400 na mingine 800, na umeme wa mkondo mmoja (DC) kama huu ukizidi volti 60 tayari unahesabiwa hatari. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Kabla ya kuzigusa, gari linazimwa, ufunguo unawekwa mbali, betri ya volti 12 inatolewa. Fundi anavaa glavu za volti 1,000 alizozikagua kwa kuzijaza hewa, kwani tundu dogo tu linatosha kuua. Anachomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa na kukaa nayo mwenyewe ili mtu mwingine asiirudishe. Anasubiri muda uliowekwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 5 hadi 10, kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, zimwage chaji. Kisha anathibitisha kwa mita kwamba ni sifuri. Haibridi zimeshaanza kuingizwa gereji na vijana wanazifungua kwa bisibisi ileile ya kawaida. Je, tusubiri maiti ndipo mtaala ubadilike?

Tulikuwa na madai mengi: vifaa, posho za wanagenzi, semina za walimu. Tumeyaweka kando. Tunaomba moja tu, mtihani.

Liwekwe gari linalowaka, lenye hitilafu tatu zilizopandwa: relei (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye mguso mbovu, mpira wa hewa uliotobolewa, waya wa sensa uliokatwa ndani ya ganda lake. Mtahiniwa apewe mita, skana ya kawaida, mchoro wa waya na saa tatu. Alama nyingi zitolewe kwa hatua alizofuata na vipimo alivyoandika. Akibadilisha kifaa bila kukipima kwanza, apate sifuri kwenye hitilafu hiyo, hata kama gari limepona. Mlango uwe wazi kwa mwanafunzi wa chuo na kwa aliyejifunzia gereji, kwa karatasi ileile na gari lilelile. Gari la ajali lenye injini nzima linatosha, na litatumika mwaka mzima kufundishia. Chuo kikijua mtihani uko hivyo, kitalitafuta gari chenyewe, na mwalimu ataishika mita.

Mheshimiwa Waziri, wanaoingia chuo kwenye udahili huu wapimwe kwa mtihani huo. Tutajie tarehe. Kupanda hitilafu na kusimamia chumba cha mtihani tutafanya wenyewe.

Wako katika kazi,
Walimu wa karakana na mafundi wakuu wa gereji