Meza kwanza, mashine baadaye

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kibali kimetoka na sasa unajiandaa kujaza upya mwenyewe maganda ya risasi za bunduki yako. Umeniuliza ununue mashine ipi ya kujazia. Hilo tutalizungumza, lakini niruhusu nianze na meza, kwa sababu mashine nzuri juu ya meza legelege ni hasara tupu.

Fikiria kinachotokea unapofanya kazi. Ukishusha wenzo, ganda linasukumwa ndani ya kalibu, yaani tundu la chuma lenye umbo la ganda, ili lirudi kwenye umbo lake, na nguvu yote inaishia kwenye ukingo wa mbele wa meza. Ukiupandisha, ganda hung'ang'ania na meza hutaka kunyanyuka. Basi inakandamizwa na kunyanyuliwa, mara nyingi mno kwa jioni moja. Meza ya kulia chakula haikutengenezwa kwa shida hiyo.

Kwa hiyo tumia miguu minene, ya milimita 90 au 100 kila upande, na usiisogeze ndani kama ya meza ya sebuleni. Miguu ya mbele iwe sambamba na ukingo wa uso wa meza, uso usitokeze. Mashine ifungwe karibu kabisa na mguu mmoja, ili nguvu ishuke moja kwa moja sakafuni. Ukiiweka katikati, ubao utapinda kidogo kila unapovuta, na mkono wako hautajua kama ganda limefika mwisho au ni meza inayobonyea.

Uso wenyewe, gundisha plaiwudi mbili za milimita 18, moja juu ya nyingine, zikae chini ya uzito mpaka gundi ikauke kabisa. Mashine usiifunge kwa skrubu za mbao, zitalegea tu. Toboa tundu hadi upande wa pili, pitisha bolti, na chini weka bamba la chuma kabla ya nati. Nyuma ya miguu gongelea plaiwudi nzima kutoka mguu hadi mguu, nayo itaizuia meza kuyumba kushoto na kulia. Halafu ifunge ukutani. Kama nyumba ni ya kupanga na huruhusiwi kutoboa ukuta, jenga rafu ya chini na uipakie vitu vizito, vichwa vya risasi na masanduku ya vifaa.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu mizani. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban miligramu 65. Kwa uzito mdogo hivyo, upepo wa feni unatosha kukudanganya. Nami nakusihi, mizani isikae juu ya meza ya mashine. Ifungie rafu yake ndogo ukutani, usawa wa macho yako, uipime kwa pima maji, na isigusane na meza popote. Chombo cha kupimia baruti kwa ujazo nacho hakipendi mtikisiko: chembe hujipanga upya na kipimo hubadilika. Ndiyo maana nasema uimara wa meza ni suala la usalama. Tofauti ndogo ya baruti katika risasi ndogo ni jambo kubwa, na uso wako uko karibu na bunduki hiyo.

Uso wa meza upake rangi nyeupe au ya maziwa. Chembe za baruti zikimwagika utaziona papo hapo, na ukizungushia kigongo cha ubao chembamba hazitaanguka sakafuni. Zikusanye kwa brashi, usitumie kifyonza vumbi, cheche za mota yake zinatosha kuziwasha.

Juu ya meza iwepo kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja. Ukimaliza, irudishe kwenye kopo lake la asili, lenye lebo yake, kisha kabatini. Kabati liwe la mbao, wala usishawishike na sanduku la chuma lililofungwa kwa nguvu. Baruti isiyo na moshi, ndiyo hii utakayotumia, ikiwaka mahali wazi huungua kwa kasi, lakini ikibanwa ndani ya chuma, mgandamizo hupanda mpaka sanduku lipasuke. Fataki nazo, vile vikombe vidogo vya kuwasha baruti vinavyokaa kwenye kitako cha ganda, zibaki kwenye pakiti zake. Kuzimimina ndani ya chupa moja ni hatari sana, kwani moja ikilipuka huziwasha zote.

Kuhusu kimo, ukifanya kazi umesimama, sentimita 95 hadi 100 zinawafaa wengi; ukikaa, 75. Taa iwe mbele yako, upande, ili kivuli cha kichwa kisiangukie maganda: ni lazima uone ndani ya kila ganda kama lina baruti, kabla hujaliwekea kichwa. Miwani ya kinga itundike kwenye msumari hapo hapo. Chai na chakula visikaribie, maana vidoleni mwako kuna ledi, ile metali ya sumu ya vichwa vya risasi, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Nipimie ukuta, kutoka kona hadi mlango, na uniambie umejengwa kwa nini, tofali au mbao. Nikipata hivyo nitakuchorea mchoro na kukuandikia orodha ya mbao.

Wako daima,
Rafiki yako